Kijiti Kilichoshindwa na Kidonge

Anayetoka Eldoret kwenda Kitale kwa matatu hupita Soy, akapita Matunda, halafu akafika Moi's Bridge: maghala marefu ya Bodi ya Nafaka, reli ya zamani, soko la mahindi na maharagwe, na mto Nzoia uliouzaa mji wenyewe. Walowezi wa Kizungu waliuita Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji na mkulima aliyejenga daraja hapo wenzake walipokuwa wakivuka kutafuta mashamba ng'ambo ya pili. Baada ya uhuru daraja na mji vikapewa jina la Daniel arap Moi. Kaunti tatu zinakaribiana hapa, Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega, na sokoni Mnandi, Mluhya, Mkikuyu na Mkisii huuziana na kuelewana kwa Kiswahili.

Naanza na mji huu mdogo kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia haikutokea katika maabara moja. Ilitokea kwenye vituo vya afya vya miji kama huu, magharibi ya Kenya na ng'ambo ya mpaka Uganda, na wa kwanza kuigundua walikuwa wanawake walioona miili yao ikikanusha walichoambiwa na wahudumu. Ni habari ya dawa tatu, zote njema: ya kifua kikuu, ya virusi vya ukimwi, na ya kupanga uzazi. Kila moja imewafaa watu wengi mno. Zilipokutana ndani ya mwili mmoja, mbili za kwanza ziliimaliza ya tatu nguvu, na ilichukua miaka mingi kabla mwenye mwili hajaelezwa.

Tuanze na dawa ya kifua kikuu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoanzisha mambo. Mwaka 1957 maabara ya kampuni ya Lepetit, mjini Milan, ilipokea udongo uliochotwa kwenye msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Ndani ya udongo huo mliishi vijidudu vinavyotoa kemikali ya kuua bakteria. Piero Sensi na wenzake waliihangaikia kemikali hiyo kwa miaka, hadi 1965 wakapata dawa inayoweza kumezwa: rifampisini. Aliyewahi kuimeza haisahau. Siku ile ile mkojo hugeuka rangi ya chungwa, na wengine huona hata machozi yamebadilika rangi. Wauguzi huwaonya wagonjwa mapema ili wasidhani ni damu.

Afrika Mashariki ina fungu lake kubwa katika historia ya dawa hii, na inasikitisha kwamba watu wengi hawalijui. Kabla yake, kutibu kifua kikuu kulichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mgonjwa aliyepata nafuu mwezi wa tatu alirudi shambani, akaacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Afrika Mashariki, walijaribu jambo ambalo wengi hawakuliamini: kwamba ukiongeza rifampisini, miezi sita inatosha. Wagonjwa walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na yakaonyesha kwamba inawezekana. Leo mgonjwa yeyote duniani anayepewa tiba ya miezi sita yenye rifampisini anafuata njia iliyopasuliwa na wagonjwa wa huku kwetu.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, 1971, madaktari wawili wa Ujerumani Magharibi, Reimers na Jezek, walikuwa wameandika jambo la kutia wasiwasi. Wanawake waliotibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, huku wakimeza vidonge vya kupanga uzazi, walikuwa wakitokwa damu nje ya siku zao. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba baadhi yao walishika mimba ilhali hawakuruka hata kidonge kimoja. Kosa halikuwa lao. Dawa moja ilikuwa imeifuta nyingine.

Kuelewa jinsi dawa inavyoifuta nyingine, lazima tuingie kwenye ini. Karibu kila kitu tunachomeza hupitia huko kabla ya kusambaa mwilini, na ini huwa na vimeng'enya vya kukivunja kile kisichokuwa chakula ili kitoke kwa mkojo au kinyesi. Mwaka 1962 wanasayansi wawili wa Japani, Tsuneo Omura na Ryo Sato, waliipa jina familia kubwa ya vimeng'enya hivyo: saitokromu P450. Kimojawapo, kinachoitwa CYP3A4, hushughulikia sehemu kubwa mno ya dawa tunazotumia, zikiwamo homoni za kupanga uzazi.

Sasa, ini halitengenezi vimeng'enya kwa kiasi kile kile siku zote. Mwaka 1998 watafiti waligundua ndani ya chembe zake kipokezi kinachohisi kemikali ngeni na kuamuru vimeng'enya viongezwe. Fikiria mwenye kinu cha kusaga mahindi hapo Moi's Bridge: akiona mteja mmoja anamletea magunia mengi kila siku, ataongeza mashine ya pili na ya tatu, na mashine zikishafungwa zitasaga mahindi ya kila mtu anayeingia, hata ya yule mama aliyeleta debe moja. Rifampisini ndiye mteja wa magunia mengi. Katika wiki moja au mbili ini linakuwa limejaa CYP3A4, na homoni za uzazi zinazopita hapo zinavunjwa kabla hazijafanya kazi yake. Dawa ikiachwa, vimeng'enya hupungua polepole, si siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa.

Yapo pia mambo ya kinyume chake, ambapo dawa moja huzuia vimeng'enya na kuifanya nyingine irundikane hadi kiasi cha sumu. Madaktari wa Kanada waligundua kwa bahati tu, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba juisi ya balungi hufanya hivyo kwa dawa fulani za shinikizo la damu. Hilo ni somo la siku nyingine. Habari yetu ni ya ini lililohimizwa.

Ukimwi ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa, na wakati huo wadi za Eldoret zilikuwa zimejaa. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 60, ilikuwa tangu 1990 ikifanya kazi bega kwa bega na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Madaktari wa pande zote mbili, wakiwamo Joe Mamlin wa Indiana na Sylvester Kimaiyo wa Eldoret, walianzisha mpango wa AMPATH mwaka 2001, wakaanzia Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot. Fedha za serikali ya Marekani zilipoanza kumiminika mwaka 2004, kliniki zikaongezeka upesi: Turbo, Burnt Forest, Webuye, Kitale, na vituo vya miji midogo kama Moi's Bridge.

Jambo moja walilofanya mapema halikupigiwa makofi, nami nalihesabu miongoni mwa mambo makubwa zaidi. Waliandika. Februari 2001, kabla hata AMPATH haijapata jina, kituo cha Mosoriot kilianza kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi iliyoongozwa na Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Terry Hannan na William Tierney. Kutokana na uzoefu huo Burke Mamlin na Paul Biondich wakabuni, mwaka 2004, programu ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na sasa inatumika katika nchi nyingi. Kila mgonjwa alipoonwa, kadi yake ilijazwa: uzito, dawa, mimba, njia ya kupanga uzazi. Karani aliyekuwa akiingiza takwimu hizo jioni hakujua kwamba siku moja zingeulizwa swali ambalo hakuna daktari aliyekuwa amelifikiria.

Dawa za kwanza zilizotumika kwa wingi nchini zilikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini, mara nyingi katika kidonge kimoja asubuhi na kingine jioni. Zilirudisha uhai. Lakini huku kwetu ukimwi na kifua kikuu hutembea pamoja, na mgonjwa aliyeanza rifampisini alikuwa hatarini: nevirapini nayo huvunjwa na vimeng'enya vile vile, na kiwango chake kilishuka mno. Hivyo wenye kifua kikuu wakahamishiwa dawa nyingine, efavirenzi, iliyostahimili vizuri zaidi mbele ya rifampisini. Waliotumia efavirenzi wanaikumbuka kwa ndoto zake. Ilimezwa usiku kabla ya kulala, na wengi walisimulia ndoto nzito, za rangi kali, zisizofanana na walizowahi kuota.

Kwa miaka mingi wanawake wa umri wa kuzaa hawakupewa efavirenzi kwa urahisi, kwa hofu kwamba ingewadhuru watoto tumboni. Hofu hiyo ilitokana hasa na uchunguzi wa nyani. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi likaona hofu haina msingi wa kutosha, na mwaka 2013 likapendekeza efavirenzi iwe dawa ya kwanza kwa karibu watu wazima wote, ndani ya kidonge kimoja cha kumezwa mara moja kwa siku. Kenya ikafuata. Maelfu kwa maelfu ya wanawake wakahamishiwa efavirenzi.

Mwaka huo huo wa 2013, upande mwingine wa hospitali, jambo jingine jema lilitokea. Vijiti vya kupanga uzazi vilishuka bei. Ni vijiti laini vya plastiki, vyembamba kama njiti ya kiberiti, vinavyopachikwa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Jadelle huwa na viwili, vyenye homoni ya levonojestreli; Implanon huwa na kimoja. Mama akikaa navyo hahitaji kukumbuka kidonge wala kurudi kila miezi mitatu kudungwa sindano, na anayeviona ni yule tu aliyeonyeshwa. Kwa makubaliano ya wafadhili na watengenezaji, bei ya Jadelle iliyonunuliwa na nchi maskini ilishuka kutoka dola 18 hadi dola 8.50. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta karibu asilimia 10 ya wanawake walioolewa Kenya wakitumia vijiti. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 19.

Hivyo mito miwili ya neema ikamwagika mahali pamoja, kwa wanawake wale wale, mwaka ule ule. Efavirenzi nayo huhimiza ini kama ifanyavyo rifampisini, ingawa si kwa nguvu sawa. Na kijiti ni miongoni mwa njia za kupanga uzazi zisizoweza kumudu upungufu. Jadelle hutoa takriban mikrogramu 100 za homoni kwa siku mwezi wa kwanza, na ukifika mwaka hutoa kama 40 tu. Ni kiasi kidogo mno, na ndio uzuri wake, maana madhara nayo huwa madogo. Ini likiongeza kasi ya kuvunja, hakuna akiba. Sindano ya Depo, kwa kulinganisha, humpa mama miligramu 150 kwa mara moja, na hata sehemu ikivunjwa hubaki ya kutosha kwa wiki nyingi.

Nenda kwenye kituo cha afya chochote cha mji wa njiani na utaona kwa nini jambo hili lilichelewa kuonekana. Chumba cha kupanga uzazi kiko upande wa kliniki ya akina mama na watoto. CCC, wanapotibiwa wenye virusi, iko kwingine, mara nyingi jengo la nyuma. Kifua kikuu kina mlango wake, karibu na hewa ya nje. Kila chumba kina daftari lake, na daftari la chumba hiki halisomwi katika chumba kile. Muuguzi anayepachika kijiti humwuliza mama kuhusu shinikizo la damu na siku zake. Mama naye, ambaye huenda hata mumewe hajui hali yake, aliyekwisha kuvihamisha vidonge vyake kutoka chupa inayopiga kelele hadi kwenye mfuko usio na jina, hana sababu ya kujitangaza mbele ya muuguzi ambaye pengine ni mtu wa mtaa wake. Sioni wa kumlaumu hapo. Milango mitatu ilijengwa na mifuko mitatu ya wafadhili, na mwili wa mama mmoja ukalazimika kuipita yote.

Kisha wakaanza kurudi. Wanawake wenye vijiti mkononi na mimba tumboni. Hapo mwanzo majibu yalikuwa yale ya kawaida: huenda mimba ilikuwapo kabla, huenda kijiti kilipachikwa vibaya, huenda unakosea tarehe. Lakini ripoti ziliongezeka kutoka nchi mbalimbali, na mwaka 2014 watafiti waliofuatilia wanawake wa Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, walichapisha hesabu iliyowashtua wengi. Kati ya wanawake 121 waliotumia Jadelle pamoja na efavirenzi, 15 walishika mimba. Waliotumia nevirapini na kijiti hicho hicho hawakushika hata mmoja.

Kampala ndiko jambo lilikopimwa kwenye damu. Katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza huko Mulago, Mohammed Lamorde na Pauline Byakika-Kibwika, wakiwa na Kimberly Scarsi kutoka Marekani, waliwafuatilia wanawake waliopachikwa Jadelle: wengine hawakuwa wameanza ARV, yaani dawa za virusi, wengine walikuwa kwenye nevirapini, na 20 walikuwa kwenye efavirenzi. Damu ilichukuliwa mara kwa mara kwa wiki 48. Waliotumia efavirenzi walikuwa na takriban nusu tu ya homoni waliyokuwa nayo wale wasiotumia ARV. Watatu kati ya wale 20 walishika mimba kati ya wiki ya 36 na ya 48. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watafiti wa taasisi hiyo baadaye walikuta kwamba homoni ya Implanon hushuka hata zaidi, kwa asilimia 82. Walijaribu kuongeza vijiti mara mbili, navyo havikutosha. Byakika-Kibwika alikuwa amekwisha kuonyesha pia, mwaka 2012, kwamba efavirenzi hupunguza dawa mseto ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini, jambo zito kwa yeyote anayeishi mabondeni ambako mbu hawapumziki.

Damu ya watu 20 hueleza kinachotokea mwilini, lakini haielezi kinawapata watu wangapi. Kwa swali hilo zilihitajika kadi kama zile za Mosoriot. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Rena Patel, wakiwamo Maricianah Onono na Elizabeth Bukusi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 24,560 wenye virusi waliotibiwa katika mpango wa FACES, eneo la Nyanza, kati ya 2011 na 2013. Miongoni mwa waliotumia kijiti na nevirapini, mimba zilikuwa 1.1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Waliotumia kijiti na efavirenzi, mimba zilikuwa 3.3. Mara tatu. Watafiti hao baadaye walirudi kuuliza swali lile lile kwenye kumbukumbu za AMPATH, zile zilizoanzia Mosoriot, zikihusu wanawake wa kliniki za kuzunguka Eldoret, na mwelekeo ukawa ule ule.

Ila hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao mara nyingi huachwa, nao ni haki kuusema. Waliodungwa Depo walishika mimba 4.5 kwa 100 wakiwa kwenye nevirapini, na 5.4 wakiwa kwenye efavirenzi. Si kwa sababu Depo ni dhaifu mwilini. Ni kwa sababu sindano husahaulika, gari hukosekana, mvua hufunga barabara, dawa huisha kituoni. Kijiti kilichodhoofishwa na efavirenzi bado kilimkinga mama kuliko sindano anayoikosa. Kwa hiyo mhudumu aliyemwambia mama akitoe mara moja bila kumpa kitu kingine hakumsaidia. Hakika, kosa kubwa halikuwa katika dawa. Wanawake hao walipewa dawa mbili, lakini nusu tu ya maelezo. Mama aliyejua angeweza kuongeza kondomu, kuweka koili, au kuomba abadilishiwe ARV. Asiyejua alingoja siku zake zisije.

Na walipopata njia ya kutoka, mlango ukafungwa usoni mwao. Dolutegraviri ni ARV isiyohimiza ini. Kijiti hufanya kazi nayo kama kawaida, nayo hupunguza virusi upesi. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuleta ile ya bei nafuu, mwaka 2017. Mei 2018 uchunguzi wa Botswana ukatoa onyo: kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia wakati mimba inatunga, watoto 4 walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Kenya na nchi nyingine zikaagiza wanawake wa umri wa kuzaa wabaki kwenye efavirenzi, isipokuwa wenye njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Tazama fumbo hilo. Ili apewe dawa bora, mama alitakiwa awe na kinga ya uhakika ya mimba. Na kijiti, kinga iliyokuwa inaenea upesi, kilikuwa kinadhoofishwa na dawa aliyobakizwa nayo.

Wanawake wenye virusi kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali Julai 2018 wakakataa uamuzi huo. Walisema hawahitaji kulindwa kwa kunyimwa. Wanahitaji kuelezwa hatari na faida, kisha wachague. Naamini walikuwa na haki, na takwimu zikawafuata. Kadiri Botswana ilivyohesabu watoto wengi zaidi, kiwango cha kasoro kilishuka hadi watoto 5 kati ya 1,683, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegraviri kwa watu wote, wanawake wakiwamo. Efavirenzi ikaanza kuondoka rafuni.

Lakini dolutegraviri nayo si mgeni asiye na masharti. Madini ya chuma na kalsiamu huishika tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu, na kila mama mjamzito Kenya hupewa vidonge vya chuma kliniki. Dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baadaye, au vyote vimezwe pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zina kizuizi hicho hicho, na hizo chakula hakizisaidii: saa mbili kabla au saa sita baada. Mwenye kisukari anayetumia metfomini hapaswi kuzidisha gramu moja kwa siku, kwa sababu dolutegraviri huifanya irundikane. Na mwenye kifua kikuu humeza dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa kuwa rifampisini, ile ya udongo wa Ufaransa, bado ipo.

Ndiyo maana habari hii haijawa ya kale. Efavirenzi imepungua, lakini rifampisini bado ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, na watu wengi wanaoitumia hawana virusi kabisa; hakuna CCC itakayowauliza. Hata tembe za kinga ya kifua kikuu zinazomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12 zina rifapentini, ndugu yake, nayo huhimiza ini vivyo hivyo. Msichana wa miaka 22 wa Moi's Bridge mwenye kijiti mkononi, akianza kukohoa na kupewa dawa leo, yuko pale pale walipokuwa wanawake wa Ujerumani mwaka 1971.

Kwa hiyo, dada, unapoingia chumba cha kifua kikuu, mwonyeshe mhudumu mkono wenye kijiti kabla hajaandika dawa. Nawe mhudumu, usingoje aonyeshe. Uliza, uulize mlango ukiwa umefungwa. Ongezeni kondomu, au koili ya shaba isiyotegemea homoni, au mzungumzie Depo. Na kinga hiyo ya ziada isiachwe siku tiba inapokwisha: iendelee hadi wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha rifampisini.